Kifungu cha Mwisho cha Bajeti

Chini kabisa ya bajeti ya kila andiko la mradi nililowahi kuandika kuna kifungu kinachoitwa mchango wa jamii. Wafadhili wanakitaka ili waone kwamba na kijiji kimetia mkono. Baadhi yao huweka kiwango: asilimia kumi ya gharama, pengine asilimia ishirini. Sisi huandika ukumbi wa mkutano, viti vya skuli, nguvu kazi, muda wa wanakamati. Tunakadiria thamani, tunajumlisha, tunatia saini, sheha anagonga muhuri. Mfadhili hukipitia haraka na kufunga faili. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ya afya katika Wilaya ya Micheweni, Kaskazini Pemba, na kwa miaka niliyofanya kazi hii nimefikia kuamini kwamba hicho ndicho kifungu kikubwa kuliko vyote katika historia ya afya ya kisiwa hiki, na ndicho pekee ambacho mkaguzi hajawahi kukikagua sawasawa.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi wanaona semina na bango tu. Jumuiya husajiliwa kwa Mrajis. Iwe na katiba, viongozi waliochaguliwa, akaunti ya benki, ripoti ya mwaka na, ukitaka kuangaliwa na mfadhili wa maana, hesabu zilizokaguliwa. Tangazo la ruzuku hutoka kwa Kiingereza, likiwa na wiki chache tu kabla ya mlango kufungwa. Linatufikia kwenye simu kutoka kwa mtu wa Unguja aliyelipata kwa mtu wa Dar es Salaam. Likitoka msimu wa karafuu, nusu ya kamati imo kambini mashambani na mwenyekiti hapatikani hewani. Umeme, namshukuru Mungu, si tatizo tena kama zamani: waya wa chini ya bahari kutoka Pangani ulitufikia mwaka 2010 kwa fedha za Norway, na huo ni msaada ambao hakuna aliyetuitia semina kuuelewa.

Andiko linataka tatizo, takwimu, lengo kuu, malengo mahsusi, viashiria, vihatarishi na uendelevu. Uendelevu ni jibu la swali moja: sisi tukiondoka, mtafanyaje? Jibu la kweli ni kwamba tutafanya tulivyokuwa tukifanya kabla hamjaja. Jibu hilo halina alama, kwa hiyo tunajaza aya mbili za maneno mazuri.

Fedha zipo za aina mbili. Ruzuku ndogo hupatikana kwa taasisi kama Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam na kwenye mifuko midogo ya balozi. Hizo ndizo tunazozigombania sisi. Fedha kubwa zinapita juu ya vichwa vyetu: zinakwenda wizarani, kwenye vyuo vikuu vya nje, kwenye mashirika ya kimataifa na maabara. Katika hizo, jumuiya ya kijiji hupewa kazi moja, ya kuhamasisha. Maana yake, watu wakishaamua huko juu nini kifanyike, sisi tuwaandae wananchi wakubali.

Wala Pemba si kisiwa kilichosahauliwa. Watu wanaokuja mara ya kwanza hudhani hivyo wakiona barabara zetu za ndani. Mwaka 1986 ulianza hapa mpango wa kudhibiti kichocho kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, watoto wa skuli wakipimwa mkojo ili kuona kama una damu na kupewa praziquantel. Wazee wetu wanakumbuka foleni za vikopo. Wanakumbuka pia kwamba kabla ya hapo mvulana akikojoa damu alidhaniwa anakua. Mwaka 2000 ikafunguliwa Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii inayoitwa kwa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea wa Kiitaliano. Taasisi iliyoanzishwa Italia kwa jina lake mwaka 1994, baada ya kifo chake, ndiyo iliyosukuma ujenzi huo pamoja na Wizara ya Afya ya Zanzibar. Imepita robo karne na maabara ingali inafanya kazi, na wanaochungulia kwenye hadubini zake ni Wapemba. Mtu akiniuliza ruzuku nzuri inafananaje, namwelekeza Wawi. Silisifu jengo. Ninachokisifu ni kwamba walioanzisha hawakuondoka baada ya miaka mitatu.

Mwaka 2001 Zanzibar ikaanza kumpa kila mtu dawa za kuzuia matende na mshipa, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kujaribu kuwafikia watu wote kwa pamoja. Albendazole ilitolewa bure na GSK, ivermectin bure na Merck ya Marekani. Praziquantel nayo sasa hutolewa na Merck, lakini ni Merck ya Ujerumani, kampuni nyingine kabisa iliyotengana na ile tangu Vita Vikuu vya Kwanza. Nimewahi kuona ripoti ya mradi iliyowashukuru wote wawili kama mtu mmoja, na hakuna aliyelalamika.

Kisha ukaja ZEST, mradi mkubwa wa kutaka kukomesha kabisa maambukizi ya kichocho Unguja na Pemba, uliofikia tamati mwaka 2017. Fedha za utafiti wake zilitoka kwenye mfuko wa Bill na Melinda Gates kupitia Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani. Watu wazima na watoto walipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Katika baadhi ya shehia konokono waliuliwa kwa niclosamide kwenye mito na mabwawa. Katika nyingine walimu na wananchi walikaa na watafiti wakabuni wenyewe njia za kubadili tabia: sehemu za saruji za kufulia ili mama asiingie mtoni, vyoo vya kukojolea maskulini, michezo ya kuwaweka watoto mbali na maji, na siku maalumu za kichocho skulini. Ugonjwa ulishuka sana. Ukabaki kwenye mifuko ya shehia chache, hasa zile zenye mabonde ya mpunga na vijito ambavyo watu hawana budi kuvivuka.

Halafu pakatokea pengo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya ZEST hakukuwa na mzunguko wa dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kilichofuata: maambukizi yalianza kupanda tena, hasa kule kwenye mifuko. Sisi hatukuhitaji jarida kutuambia. Konokono hasomi mkataba wa mradi. Lakini naushukuru utafiti ule, kwa sababu umenipa silaha. Kila ninapoandika sehemu ya vihatarishi, sasa naandika kwamba kihatarishi kikubwa kwa afya ya shehia hii ni muda kati ya mradi mmoja na mwingine, na naweka ushahidi. Baadaye, kuanzia 2020 mpaka 2024, ulifanyika hapa Kaskazini Pemba mradi wa SchistoBreak kwa fedha za mfuko wa taifa wa sayansi wa Uswisi, katika shehia ishirini. Huo ulifanya jambo la akili: mahali penye ugonjwa mdogo, ufuatilie mgonjwa mmojammoja mpaka kwenye maji anayoogea; mahali penye ugonjwa mwingi, tumia kila silaha uliyonayo. Wachina nao walikuwa wamekuja tangu 2017 na wataalamu wao kutoka Jiangsu. Kwa kichocho peke yake, basi, tumepokea Waitaliano, Waingereza, Wamarekani, Waswisi na Wachina. Kila mmoja alikuja na fomu zake.

Sasa nirudi kwenye kifungu changu.

Praziquantel ni tembe kubwa, chungu, yenye harufu. Mgawaji humsimamisha mtoto kwenye fimbo ya kipimo, urefu wake ndio unaosema tembe ngapi. Akiimeza na tumbo tupu hupata kizunguzungu, kichefuchefu, pengine hutapika. Mtoto mmoja akitapika darasani, habari hufika kijijini kabla ya kengele ya mapumziko, na kesho yake wazazi wanawaficha wengine. Kila anayefanya kazi hii Pemba analijua hilo. Kwa hiyo katika andiko letu moja la uhamasishaji tuliweka fedha za uji. Unga, sukari, kuni, hakuna zaidi. Ofisa wa mfadhili, mtu mstaarabu asiyeinua sauti, akakikata kifungu kile. Chakula, alisema, si afua ya kiafya; kinaweza kuonekana kama kishawishi. Akatuachia fedha za vipeperushi na fulana.

Tulipokwenda kwenye kikao cha wazazi kuwaeleza, mama mmoja mkulima wa mwani alisimama. Alikuwa ametoka ufukweni na miguu yake ilikuwa bado ina mchanga.

"Mwanangu," akaniambia, "watoto hawa wametoka majumbani na chai ya rangi. Nyinyi mnataka wameze dawa hiyo na nini?"

Nikamwambia, "Bi mkubwa, mfadhili hakuruhusu chakula."

"Basi huyo mfadhili wenu hana watoto. Lete siku, uji tutapika sisi."

Na wakapika. Kila nyumba ilitoa kibaba cha unga au kipande cha sukari, walimu wakatoa sufuria za skuli, wanaume wakakata kuni. Watoto walikunywa, wakameza, wakarudi darasani. Takwimu zetu za siku ile zilikuwa nzuri kuliko za shehia jirani, na mfadhili alizitia kwenye ripoti yake chini ya kichwa cha mafanikio ya vipeperushi. Mimi nilikadiria thamani ya uji ule kwa uaminifu wote nikauweka pale chini, kwenye mchango wa jamii. Ikarudi barua pepe kuuliza: risiti za unga ziko wapi?

Risiti ni hadithi peke yake. Jumuiya yetu huvuka kwenda visiwa vidogo, na wenzetu wa kusini huvuka kwenda Kisiwa Panza na Makoongwe. Kufika Kojani au Fundo unahitaji chombo. Nahodha wa dau ana tanga, ana mashine iliyoazimwa kwa mjomba wake, na ana bei inayobadilika kufuatana na upepo. Hana risiti ya elektroniki. Nimemwona mwenzangu akikataliwa nauli ya chombo mara baada ya mara kwa sababu hakuna karatasi, mpaka akawa anavuka kwa fedha zake. Ukifuatilia hesabu za mradi ule utaona kisiwa kimefikiwa na nauli ni sifuri. Mtafiti akisoma atadhani kuna daraja. Dawa yenyewe imetolewa bure na ile Merck ya Ujerumani, imesafirishwa kwa ndege na meli kwa fedha za watu wakubwa, imepokewa, imehifadhiwa, imesindikizwa mpaka kituo cha afya. Maili za mwisho, zile za matope ya mikoko na maji kupwa, analipa mgawaji.

Mchango mwingine hauna bei na ndiyo maana nashindwa kuutia kwenye jedwali. Pemba imetoa mkojo, damu na choo kwa ajili ya elimu ya dunia kuliko wilaya nyingi za Afrika. Mfano mkubwa ni ule utafiti wa madini ya chuma na zinki kwa watoto wadogo, uliofanywa hapa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dunia nzima iliamini kwamba mtoto wa nchi maskini ana upungufu wa damu, kwa hiyo apewe chuma na asidi ya foliki kila siku. Upande wa chuma ulihusisha watoto zaidi ya 24,000 wa kisiwa hiki, wa umri wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35. Mwezi wa Agosti 2003 upande huo ulisimamishwa kwa pendekezo la kamati ya usalama. Watoto waliopewa chuma walikuwa wanalazwa hospitali na kufariki zaidi, kwa takriban asilimia 12, kuliko waliopewa tembe tupu, kwa kuwa wakati ule hii ilikuwa nchi ya malaria. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ikabadilika: usimpe chuma kila mtoto kiholela mahali penye malaria nyingi, mpime kwanza, mkinge na malaria kwanza.

Sisemi watafiti walikosea. Walikuwa na kamati ya kuwatazama, kamati iliona, upande ule ukasimamishwa. Ndivyo sayansi inavyotakiwa kufanya. Ninachosema ni kwamba watoto wa nchi nyingine zenye malaria leo wanapewa chuma kwa hadhari zaidi kwa sababu ya watoto wa Pemba, na sijawahi kukuta ubao, kijitabu wala hotuba ya Ijumaa inayowaambia wazazi wa hapa hivyo. Ruzuku za utafiti huwa na fungu la kusambaza matokeo. Mara nyingi linatumika kwenye mkutano wa hoteli Unguja au Geneva. Lingetosha kabisa kulipia daladala, kipaza sauti na mtu anayejua Kiswahili kizuri kuzunguka shehia baada ya shehia akisema: mlitupa hiki, tumejua hiki, ahsanteni.

Halafu wapo wahudumu wa afya ya jamii wa kujitolea. Zanzibar ina mpango unaoitwa Jamii ni Afya, wa Wizara ya Afya pamoja na shirika la D-tree, uliosaidiwa na wafadhili kama Fondation Botnar ya Basel. Kufikia 2021 ulikuwa umeenea wilaya zote za Unguja na Pemba, na wahudumu zaidi ya 2,000. Mhudumu ana simu yenye programu inayomwongoza swali kwa swali: mama mjamzito amehudhuria kliniki mara ngapi, mtoto amechanjwa nini, anapumua vipi, ana dalili gani za hatari. Nimeutazama mpango huu kwa jicho kali, kwa kuwa nimeona simu nyingi za miradi zikiishia kupigia muziki, lakini huu ninausifu. Umewakuta watu walewale waliokuwa wakienda nyumba kwa nyumba siku zote, ukawapa chombo cha kazi, na ukaingizwa serikalini badala ya kujengwa pembeni.

Ila lile neno la kujitolea liko palepale. Mhudumu wa shehia yetu ni mama wa watoto, analima mihogo, ana mwani. Akiitwa usiku kwa mjamzito aliyeanza uchungu haangalii kama ni siku ya posho. Ataamsha mwenye gari ya kubebea karafuu, atakusanya fedha za mafuta kwa majirani, atamsindikiza mpaka Hospitali ya Micheweni na ikibidi Wete. Kwenye bajeti yeye ni posho ndogo ya mwezi, ikifika. Mshauri mwelekezi anayekuja kutathmini kazi yake hulipwa kwa siku moja kiasi ambacho sitakiandika hapa, kwa sababu nina wanakamati wenye shinikizo la damu.

Siku hizi fomu zimeongezewa kisanduku kipya. Baadhi ya mifuko ya kimataifa inatoa fedha kwa ajili ya afya na ustawi wa watu wa asili, na inauliza kama waombaji ni miongoni mwao. Tanzania ilipiga kura ya kuunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili mwezi wa Septemba 2007, lakini msimamo wa serikali ni kwamba Watanzania wote ni wenyeji wa nchi yao. Wakitajwa Tanzania huwa ni Wahadzabe, Waakie, Wamaasai na Wabarbaig. Sisi Wapemba, wavuvi na wakulima wa visiwani, tuna vizazi vingi hapa kuliko anavyoweza kuhesabu mtu, ila hatumo kwenye orodha ya mtu yeyote. Wenzangu wengine hutia alama ya ndiyo, wengine huacha. Mimi huacha wazi na kuandika maelezo pembeni: sisi ni nani, tunaishi vipi, tunajitibu vipi. Sitaki kupata fedha kwa jina ambalo mwakani nitatakiwa kulitetea mbele ya mkuu wa wilaya.

Hata hivyo naionea wivu mifuko hiyo kwa jambo moja. Inawauliza watu wenyewe wana maana gani wanaposema wazima. Mpemba akiugua ana njia zake: kisomo, kombe, mitishamba, mkono wa mkunga, na kituo cha afya. Anazitumia kwa pamoja wala haoni mgongano. Zanzibar ina sheria na baraza la tiba asili, kwa hiyo si jambo la kificho. Lakini sijawahi kuona ruzuku ya kichocho, malaria au uzazi ikimkalisha mganga au mkunga mezani tangu siku ya kuandika. Huitwa mwisho, kupewa mafunzo. Mkunga wa kwetu amewapokea watoto wa watu watatu waliokuwa wakimfundisha, na alikaa kimya siku mbili nzima akila biskuti.

Na fedha zetu wenyewe? Zipo, na ndizo zinazozima moto. Vikundi vya akina mama wa mwani vina masanduku ya hisa, na kila sanduku lina mfuko wa jamii wa maradhi na misiba. Ndugu walioko Mombasa, Dar es Salaam, Muscat na London hutuma. Zaka hutolewa. Vituo vya afya vingi vijijini vilianza na msingi uliochimbwa na wananchi, matofali yaliyobebwa vichwani na wanawake, kisha serikali au mfadhili akapaua na kuweka jina lake. Tangu Mapinduzi ya 1964 tumeambiwa matibabu ni bure, na daktari kweli hatozi. Lakini dawa ikikosekana dirishani, duka liko ng'ambo ya barabara. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023, umeanza na wenye ajira rasmi. Mvuvi wa dago na mchumaji wa karafuu bado wanategemea sanduku la akina mama.

Tuliona uzito wa jambo hili mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika la USAID likawa limekwisha. Marekani ilikuwa imesaidia vita vya malaria Zanzibar tangu 2006, kwa upulizaji dawa majumbani, vyandarua na vipimo, na pamoja na fedha za Mfuko wa Dunia tulifika mahali ambapo watoto wadogo wa siku hizi hawajui homa tulizokua nazo sisi. Habari zilipofika, makundi ya simu ya miradi yalinyamaza. Watu wa magari meupe hawakupita kwa muda. Mhudumu wetu alipita kama kawaida, kwa miguu, na daftari. Nilimuuliza kama amesikia. "Nimesikia redioni, maalim," akasema, "lakini kuna mtoto ana homa kule bondeni tangu juzi."

Wanasiasa walisema tujitegemee. Mimi naona tulikuwa tumejitegemea zamani, isipokuwa hatukuwa tumeandikwa. Na sitaki mtu achukue maneno yangu kusema kwamba misaada haifai. Bila praziquantel ya bure watoto wangeendelea kukojoa damu. Bila Wawi tusingejua nani anaumwa nini. Hakuna sanduku la hisa litakalonunua vyandarua vya watu zaidi ya nusu milioni. Ninachodai ni hesabu ya kweli. Mfadhili akitaka kujua kijiji kimechangia nini, akubali vocha ya mkono yenye saini ya nahodha na muhuri wa sheha. Akubali kwamba uji ni sehemu ya dawa. Alipe posho ya mhudumu kila mwezi badala ya kulipa warsha kila robo mwaka, na akijua mkataba unakwisha Juni, mazungumzo ya kuendelea yaanze Juni ya mwaka wa kabla, dawa isikatike.

Na kwa wenzangu makatibu wa jumuiya za Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani nina ombi moja. Tumezoea kushindana: mmoja akiandika posho ya mgawaji dawa, mwingine anaiandika nusu yake ili apate yeye. Anayeumia ni yule mama anayetembea. Kabla ya msimu ujao wa maombi tukutane Chake, tupange viwango vya nauli ya chombo, posho ya mhudumu na chakula cha watoto siku ya dawa, tuvitie saini sote, na asiwepo miongoni mwetu wa kuandika chini ya hapo.